Mchanga Kwenye Boneti Nyeusi

Mwanangu Limi,

Barua huanza na salamu, lakini leo nimeshakusalimu mara tatu, na mara ya tatu uliniuliza kama naumwa. Siumwi. Nipo hapa bandani, nimekaa juu ya ile ndoo uliyoipindua asubuhi. Wewe umekwenda kanisani kuagana na wanakwaya wenzako, na mama yako yuko nyuma ya nyumba anakukaangia karanga za safari. Nikimaliza nitaiweka barua hii juu ya begi lako, kisha nitakwenda kumrudishia jirani jeki yake, na sitaharakisha kurudi. Sitaki kukutazama ukisoma.

Mambo ya chandarua, ya maji ya kuchemsha na ya kutomfungulia mlango mtu usiyemjua, mama yako ameyamaliza. Juzi nilimsikia akikufundisha kufua shuka, wewe ambaye umefua shuka za nyumba hii tangu darasa la nne. Huko mimi siingii. Nina jambo moja tu, na limenichukua miaka mingi kulifikisha kwenye karatasi. Linahusu ile mikebe miwili iliyo juu ya rafu, wa kukata na wa kujaza. Linamhusu pia Masunga, huyo unayemwita Baba Masunga, ambaye kesho unakwenda kwake Mwanza kujifunza kazi.

Kuhusu mikebe, utasema unajua. Unajua, tena mkono wako ni mwepesi kuliko wangu, hilo nimewahi kulisema mbele ya wateja na wewe ukajifanya hujasikia. Hata hivyo niache niseme tena, maana leo nayasema kwa sababu nyingine.

Rangi ya gari ikikaa juani inakufa kwa juu. Ukipitisha kidole kinatoka na unga. Dawa ya kukata ina chembe ndogo sana ndani yake, ukiisugua inaondoa ile ngozi iliyokufa, uchafu na mikwaruzo midogo, mpaka unafika kwenye rangi iliyo hai. Inakula jasho lako na inakula rangi pia, kwa hiyo ulichoondoa hakirudi. Dawa ya kujaza haiondoi kitu. Ni laini, ina mafuta mafuta, inaingia kwenye mikwaruzo na kulala humo, basi jicho linapita juu bila kujikwaa. Gari linang'aa na mwenye gari anafurahi. Ukilipiga sabuni mara tatu nne, au mvua ikilinyeshea wiki mbili, dawa inatoka na mikwaruzo unaikuta palepale ulipoiacha.

Usije ukadhani nasema mkebe mmoja ni mwema na mwingine ni mbaya. Vijana wa siku hizi wanaopaka ya kujaza kwenye kila kitu wananiudhi, na nikianza kuwasema mama yako huondoka na kiti chake. Lakini yule anayekata kila gari ananiudhi vilevile. Unamkumbuka mwalimu mstaafu aliyeleta gari lake la zamani kwa ajili ya harusi ya binti yake? Rangi ilikuwa imebaki nyembamba kama ganda la kitunguu. Ningekata, ningetokea kwenye rangi ya chini ya kiwandani. Nikachukua wa kujaza, nikamwambia, "Mwalimu, huu uzuri ni wa harusi tu. Mvua ikija utaondoka." Akacheka, akasema, "Harusi ni Jumamosi. Mvua ije Jumapili." Ile ilikuwa kazi safi. Mwenye gari alijua anachoendesha.

Sasa nikueleze kazi ambayo haikuwa safi.

Unajua kwamba mimi na Masunga tulianzia wote kwenye karakana ya ushirika. Mimi nilikuwa fundi rangi, yeye dereva wa landrova. Siku zile hakuna aliyeuliza gari lina mng'ao gani. Rangi tulipiga hata kwa brashi, na likikauka linarudi barabarani kusomba pamba. Ushirika ulikuwa ndio mnunuzi peke yake, uwe na pamba nzuri au mbaya, utaipeleka hapo. Halafu biashara ikaachiwa, watu binafsi wakaruhusiwa kununua, na karakana ikaanza kupunguza wafanyakazi. Tulipunguzwa mimi na Masunga wiki moja. Wewe ulikuwa darasa la pili.

Nilijenga banda hili mwaka huohuo. Masunga akapata kazi ya udereva kwa tajiri mmoja wa pamba aliyetoka mbali, jina lake halina kazi hapa. Kila msimu waliongezeka matajiri wa namna hiyo, wakija na mizani yao na magari yao yaliyokwisha tumika ng'ambo, magari madogo ya kifahari ambayo Bariadi hatukuwahi kuyaona kwa wingi vile. Wao ndio walionifundisha kwamba mtu anaweza kulipia mng'ao. Mikebe ile ya kwanza niliagiza kwa kondakta wa basi, ikaja na maandishi ambayo hakuna aliyeyasoma hapa. Nikaitofautisha kwa kidole: mmoja ulikuwa na chembe, mwingine uliteleza.

Na pamba nayo ilibadilika, Limi. Wakati wa ushirika mtu alichambua pamba yake, safi gunia lake, fifi, yaani ile ya daraja la pili, gunia lake, akatandika mkeka kibarazani na watoto wakasaidia. Walipokuja wanunuzi wengi, kila mmoja akikimbilia kujaza lori kabla ya mwenzake, hakuna aliyeitazama pamba. Nasi tulisema mizani yao inatupunja, na mingine ilitupunja kweli. Basi watu wakaanza kunyunyizia maji alfajiri na kutia mchanga katikati ya gunia. Ikawa jambo la kawaida, hata waumini wazuri walilifanya wakisema wanajirudishia haki yao. Wewe hukuwahi kuliona hapa kwetu, na mama yako angekuapia kwamba halikuwahi kutokea. Alikuwa Ipililo anamuuguza bibi yako. Mimi nilibaki na magunia, nikashuka mtoni na ndoo, nikaleta mchanga ule mwembamba, na nikautia kwa mkono wangu. Nilijiona mjanja.

Wiki ile ile Masunga aliniletea gari la tajiri wake. Lilikuwa jeusi, na unajua jeusi lisivyosamehe. Tajiri alikuwa na safari ya Jumamosi kumposea mwanawe mke, na alitaka afike ukweni na gari linaloonyesha sura ya mtu. Masunga akaniambia, "Rafiki yangu, nimekusifia sana kwake. Usiniaibishe." Nikamjibu aende akanywe chai.

Kazi ilianza vizuri. Nililiosha, nikapima rangi kwa kitambaa cheupe, nikaona juu imekufa kidogo tu. Nikakata kwa uangalifu, upande kwa upande, nikafuta, nikapaka nta. Ikabaki kusugua kwa mara ya mwisho. Unajua sisi hapa husugua kwa pamba, na pamba niliyotumia siku zote ilitoka kiwandani, imeshatolewa mbegu, laini kabisa. Siku ile ilikuwa imeniishia. Vitambaa vyote vilikuwa vimelowa. Magunia yangu yalikuwa humu humu bandani yakisubiri lori. Nikafungua moja, nikachota pamba ya juu, nikatoa mbegu haraka haraka, nikaanza na boneti.

Nilijiambia mchanga uko katikati, juu hakuna. Hicho ndicho nilichofikiri, na sijui kilikuwa kichwa cha nani. Gunia lilikuwa limepinduliwa mara mbili tangu nilitie mchanga.

Niliendelea kuzungusha mkono nikipiga mluzi. Jua lilipogeuka na kuingia bandani kwa ubavu, nikaona. Boneti nzima ilikuwa imejaa duara, moja ndani ya nyingine, kila mzunguko wa mkono wangu umechorwa pale. Niliifungua ile pamba mwangani na mchanga ukaning'inia kwenye nyuzi. Nilikaa chini kwenye vumbi.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipochagua. Ningeweza kukata. Mikwaruzo ile haikuwa na kina cha kumshinda mtu, ilihitaji siku nyingine moja na nusu ya mkono. Lakini ningepaswa kumwambia Masunga gari halitakuwa tayari, naye angepaswa kumwambia tajiri, na tajiri angeuliza kwa nini. Ningesema nini? Kwamba nimesugua gari lako kwa pamba yenye mchanga, na mchanga huo niliuweka mimi, na pamba hiyo nilikuwa nakuuzia wewe? Nilitazama rafu. Nikashusha mkebe wa kujaza. Ndani ya robo saa boneti ilikuwa kioo.

Masunga aliporudi alilizunguka gari mara mbili. Akainama, akajiona kwenye boneti, akarekebisha kola ya shati. "Wabeja sana, fundi," akanishukuru kwa Kisukuma. "Hili sasa hata kuliendesha linaogopesha." Alikuwa na furaha kiasi kwamba hakutaka kuondoka peke yake. Akanipakia mpaka nyumbani, wewe ukatoka mbio, akakuweka kiti cha nyuma, akakupeleka mpaka kanisani na kukurudisha. Hilo ndilo gari la kwanza ulilopanda maishani mwako. Umewasimulia wenzako hadithi hiyo mara nyingi mno, jinsi viti vilivyonukia na jinsi ulivyopunga mkono kwa watu. Kila ulipoisimulia mimi nilitafuta kitu cha kufanya nje.

Mvua zilichelewa mwaka ule. Zilipokuja zilikuja kwa hasira, na gari likaoshwa kila siku kwa ajili ya tope. Siku moja tajiri akasimama mbele ya boneti, akaona duara zote. Wiki ile Masunga alikuwa ametumwa Bukundi kukagua vituo vya kununulia, na njia ya kule unaijua, miiba mitupu. Tajiri akasema Masunga amepitisha gari porini, halafu akalifuta kwa gunia kuficha. Masunga akaapa. Tajiri hakutaka kiapo.

Basi Masunga akaja hapa, Limi. Alisimama pale pale unapopenda kusimama wewe ukinywa chai. Akaniambia, "Twende ukaniombee. Wewe ni fundi, atakusikia." Nikavaa shati safi, tukaenda wote kwa miguu. Njiani hakuniuliza hata mara moja kama labda kosa lilitokea kwangu. Halikumpitia kichwani.

Tajiri alikuwa amekaa barazani. Aliniuliza swali moja: "Gari hili lilitoka kwako likiwaje?"

Nikasema, "Lilitoka safi, bosi."

Ni maneno matatu manne, na kila mtu aliyekuwa pale angeweza kuyathibitisha. Kisha nikaanza kuomba. Nilimwombea Masunga kwa maneno mazuri sana. Nikasema ni mtu mwaminifu, ana mtoto mchanga, binadamu hakosi kukosea, nikapiga goti moja chini kama tunavyofanya mbele ya mkubwa. Nilikuwa namwombea mtu msamaha kwa kosa langu. Tajiri alinyoosha mkono, Masunga akamwekea funguo kiganjani. Tulipotoka nje alinishika bega, akasema, "Nimekuona. Wengine wote wamekaa kimya." Nikamwambia apige moyo konde.

Hakupata udereva tena hapa mjini, maana matajiri walikuwa wakiambizana. Baada ya mwezi alipanda basi na mkewe na kichanga chao wakaenda Mwanza. Kule alibeba makasha ya samaki miaka minne. Bega lake la kulia, lile analolishusha akitembea, ambalo uliwahi kuniuliza lina nini, liliharibikia kwenye makasha hayo. Halikuharibika ajalini kama nilivyokujibu. Baadaye akaanza kuosha magari, akaweka akiba, akapata yadi, na leo ana mashine ya kupulizia rangi na mafundi chini yake. Watu husema amefanikiwa, na mimi nilishikilia neno hilo kwa mikono miwili. Nilijiambia angebaki Bariadi angekuwa dereva mpaka leo, kwa hiyo labda nilimsaidia. Mtu akitaka kujifariji hakosi maneno.

Mwaka jana tulipomzika bibi yako Ipililo, alikuja. Ulikuwepo, uliona jinsi alivyonikumbatia, lakini ulikuwa jikoni na wanawake alipozungumza na wajomba zako. Aliwaambia, "Huyu ndiye mtu pekee aliyesimama na mimi siku niliyofukuzwa." Wajomba zako wakanitazama kwa heshima ambayo hawajawahi kunipa tangu nimuoe dada yao. Halafu akaiona ile pikapu iliyotuleta msibani, ambayo wewe uliisugua siku moja kabla. Alipitisha mgongo wa vidole kwenye mlango, akauliza ni kazi ya nani. Nikamwambia ni ya Limi. Akasema, "Nipe huyu binti nimfundishe kupuliza. Fadhila yako sijaisahau."

Nikasema asante. Niliyasikia maneno yangu mwenyewe nikajiona tena barazani kwa yule tajiri.

Umefurahi tangu siku ile kuliko nilivyokuona ukifurahi kwa lolote. Umeweka madaftari, umejishonea ovaroli, umemwambia kila mtu kwamba utarudi na ufundi wa kupuliza na tutapanua banda. Kila nilipotaka kusema niliiona ovaroli yako kwenye kamba, nikanyamaza. Nilikwenda mara mbili kwenye kibanda cha simu. Mara ya kwanza alipokea mkewe, nikauliza hali za watoto. Mara ya pili alipokea mwenyewe, tukaongea juu ya mvua mpaka simu ikakatika. Nilirudi nyumbani nikiwa nimepaka tabaka lingine juu ya yale ya zamani.

Hicho ndicho nilichokuja kukielewa kwa kuchelewa kuhusu mkebe wa kujaza. Huwezi kuutumia mara moja tu. Ukishaanza, lazima urudie kila baada ya mvua, na kila ukirudia unaukumbuka mkwaruzo upya, maana ni wewe peke yako unayejua ulipo.

Wiki iliyopita nilimwambia mama yako. Alikuwa anachambua mchele. Nilisema yote, mpaka mchanga, mpaka goti nililopiga, naye hakuacha kuchambua. Nilidhani atanigombeza kwa mchanga, unajua anavyojivunia pamba yake. Alipomaliza ungo ule aliniuliza, "Na Limi anajua?"

Nikasema, "Hajui."

"Basi hajakubali kwenda," akasema. "Umemkubalia wewe." Akamimina mchele kwenye sufuria, na tangu siku hiyo ananiongelesha mambo ya lazima tu. Umeliona hilo, ukadhani ni huzuni ya kuondoka kwako. Ni huzuni hiyo pia.

Kwa hiyo nakuambia ili ujue unakwenda wapi na kwa nini ulipewa nafasi. Mkono wako ungestahili nafasi hiyo hata kama baba yako angekuwa mwizi wa ng'ombe, hilo naliamini. Lakini Masunga hakukupa kwa sababu ya mkono wako peke yake. Alikupa kwa sababu anadhani mimi ni mtu fulani, na mtu huyo hayupo.

Huko mjini kuna yadi zinazouza magari yaliyotumika. Siku moja mtu atakuletea gari lenye mlango ulioliwa na kutu au boneti iliyokwaruzwa, mnunuzi akiwa njiani, akuambie, "Lijaze haraka." Atakuwa mtu mzuri tu, mwenye haraka. Sitakuambia umjibu nini. Sikuwa mtu wa kutoa mafundisho hayo wakati ule na sijapata cheti tangu hapo. Nakuambia tu kwamba mimi nilidhani kazi ya robo saa itaisha ndani ya robo saa. Wewe ulikuwa na miaka kumi siku ile. Kesho unaondoka nyumbani, na bado haijaisha.

Sasa kuhusu kesho. Masunga nitamwambia, kwa mdomo wangu, mbele yake, si kwa simu. Hilo sikuombi ruhusa, maana ni langu na nimelichelewesha vya kutosha. Ila najua linakugusa. Anaweza kukufungia mlango, na akifanya hivyo atakuwa na haki. Kukata kunaondoa kitu, nimekufundisha mwenyewe, na sijui chini ya urafiki ule kuna rangi kiasi gani. Naogopa, mwanangu. Naogopa kumpoteza yeye, na naogopa zaidi uso wako ukirudi hapa na ovaroli isiyovaliwa. Ikiwa hivyo, banda ni lako kuanzia siku hiyo, mimi nitakuwa wa kuosha tu. Najua si ulichokitaka. Ni kidogo mno ukilinganisha, na sina kingine.

Lililo lako kuamua ni hili. Shangazi yako Nyamizi atakuja stendi kutupokea. Ukitaka, ukae kwake mpaka nimalize, nikirudi nikuambie lilivyokwenda. Ukitaka kuingia nami yadini, ingia, usikie yote, na usiniombee. Ukitaka kutokuongea nami njia nzima mpaka Lamadi na baada ya Lamadi, nitaelewa, nitakununulia sato wa kukaanga hivyo hivyo na kukuwekea mapajani. Nisamehe ukiweza. Kama huwezi kwa sasa, usijilazimishe kwa sababu tu ni siku ya safari.

Ndani ya begi lako, chini ya viatu, utakuta mfuko wa pamba. Ni ya shamba la mama yako, ile safi. Nimeichambua kwa siku nne, uzi kwa uzi, juu ya mkeka mweupe, na sikuona mbegu wala chembe. Hata hivyo usiniamini. Ukifika, itandaze mwangani uichambue tena kwa mkono wako kabla haijagusa gari la mtu.

Tiketi zimo kwenye bahasha hii. Ukizitoa utaona ziko mbili. Ya dirishani ni yako.

Baba yako